Hamsini na Nane

Wazazi wetu walipofariki, mimi kifungua mimba niliacha shule nikawa nashona makuti hapa Kisauni, ili wadogo zangu wawili wasome. Yule mkubwa alifundishwa na mwalimu mzee mkali wa kusahihisha. Jibu likiwa sahihi lakini mwandiko umepinda, alikata alama. Tone la wino likidondoka, alikata. Siku ya kufunga shule tulikaa kanisani tukasomewa alama kwa sauti, naye alianza kwa maneno yaleyale kila mwaka: "Mia ni ya Mungu. Tisini ni yangu mimi. Zilizobaki, gombanieni!"

Mwaka wake wa mwisho, mdogo wangu alitoka wa kwanza kwa hamsini na nane. Akina mama walipiga vigelegele.

Hatukujua kwamba chuo cha ualimu kilipokea kuanzia alama sitini. Mtoto wa jirani, aliyesomea Changamwe akikaa kwa mjomba wake, alikuwa karibu na mkia darasani kwao, na alipata sabini na mbili. Huko aliyeimba kwaya aliongezwa alama, na aliyeleta kuni aliongezwa.

Nilikwenda chuoni kumwona kasisi aliyekuwa mkuu wa chuo.

"Huyu ndiye wa kwanza, bwana," nikamwambia.

"Wa kwanza wa hamsini na nane."

"Shuleni kwao hakuna aliyewahi kufika sitini."

"Basi mwalimu wao hana wanafunzi, mama."

Nikarudi, nikamchukua ndugu yangu hadi kwa mwalimu. Alikuwa barazani akinywa uji.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Najua kilichowaleta."

"Ni mbili tu, mwalimu."

Alikiweka chini kikombe. "Nikimpa mbili ambazo hakuzipata, hata zile hamsini na nane zitakuwa za uongo."

"Na kule Changamwe?"

"Changamwe si kwangu."

Nilitaka kupiga magoti. Ndugu yangu akanishika mkono. "Twende zetu, dada." Jumatatu yake akaenda bandarini kubeba magunia.

Mwalimu alipostaafu alikuja kijana mwenye mkono mwepesi wa kutoa alama. Kitindamimba wetu akasomewa themanini na moja. Alirudi nyumbani mbio kumwambia kaka yake, aliyekuwa anaosha vumbi la saruji miguuni.

"Themanini na moja, kaka!"

"Kwa mwalimu wetu ungepata ngapi?"

Mtoto akaingia ndani. Nilimsikia akilia, na sikujua nimfuate yeye au nibaki na huyu.

Chuo kilimchukua. Siku ya safari, kaka yake alimbebea sanduku kichwani mpaka stesheni ya gari moshi, mimi nikifuata nyuma. Pale stesheni aliikagua kamba ya sanduku, akaiona imelegea. Akaifungua yote, akaifunga upya, polepole, fundo juu ya fundo, mpaka gari moshi likapiga honi.

"Sasa iko sawa," akasema, akampa mdogo wake mkono kama mtu mgeni.