Gari la Baba Mkwe Lililolia Asubuhi Tu

Nimeumbuliwa na watu wengi maishani. Lakini kuumbuliwa na filta ya oili, tena mbele ya baba mkwe mtarajiwa, nadhani hiyo ni rekodi yangu peke yangu.

Naisimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kuisikia ikisimuliwa vibaya.

Mimi ni fundi wa magari. Gereji wananiita Daktari wa Injini. Jina nilijipa mwenyewe, msiulize sana. Ufundi sikuusomea chuoni. Niliupata chini ya magari ya watu, kwa makofi na kumwagikiwa oili ya moto, mpaka masikio yakawa makali.

Mchumba wangu nilimpata humohumo gereji. Alileta gari la baba yake kubadilisha oili, nikabadilisha oili huku namwaga sera. Namba yangu nilimpa kwa mtindo ambao siku ile niliuona wa kisasa sana. Tutaufikia.

Jioni akapiga. Mengine hayawahusu.

Mwaka ukapita, tukakubaliana kuoana. Kikabaki kisiki kimoja tu: baba yake.

Mzee ni mkaguzi wa shule mstaafu. Miaka thelathini aliingia madarasani, akakaa dawati la nyuma na kuwatoa walimu jasho. Miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, na kila kitu anaandika kwenye daftari. Hata kelele za gari lake alikuwa anaziandika. Jumatatu, sekunde nne. Jumanne, sekunde tano.

Maana gari lilikuwa na kelele. Lilelile.

Kila asubuhi, likiwashwa likiwa baridi, linatoa mlio kama mtu anayetikisa kopo la misumari. Sekunde chache, linanyamaza. Mchana kutwa halisemi neno.

Jirani yake, fundi mkongwe anayeitwa Babu Spana, ndiye aliyekuwa akilihudumia mwaka huo. Alikuwa ameshatoa hukumu: cheni ya ndani imelegea, injini ifunguliwe yote.

Mzee akaniita sebuleni.

"Binti anasema wewe ni daktari. Utafute huo ugonjwa. Ukiupata, walete wazee wako tuzungumze. Ukishindwa, wasijisumbue."

Nikacheka kimoyomoyo. Mtihani wenyewe huo?

Nikamwambia alete gari gereji. Akafika saa nne asubuhi, nikawasha. Kimya. Injini inanguruma kama paka aliyeshiba.

Bila shaka. Alikuwa ameliendesha nusu saa nzima kuja kwangu. Hata anayejifunza kushika spana anajua kelele ya baridi huwezi kuisikia injini ikiwa ya moto. Mimi daktari nilikuwa nimesahau, nawaza sherehe.

Mzee akaandika kitu kwenye daftari.

Kesho yake nikafika kwake saa kumi na mbili alfajiri. Nikamkuta uani, anatabasamu, boneti iko wazi. Aliamka mapema, akalitoa gari bandani, akaliosha, halafu akaliacha linawaka dakika kumi.

"Nimekupashia moto," akasema, "usipoteze muda."

Jamani. Baba mkwe humfokei. Nikamshukuru huku machozi yananilenga. Akaandika tena.

Siku ya tatu nilitumia akili. Nilimwomba ufunguo tangu jana yake, nikalala nao mfukoni.

Alfajiri nikakuta mahakama kamili. Mzee na daftari. Mchumba wangu kwenye kizingiti, kajifunga kanga. Na Babu Spana na kikombe cha chai, amealikwa kuwa shahidi.

Nikagusa boneti. Baridi. Nikachukua bisibisi yangu ndefu, ncha nikaiweka kwenye injini, mpini sikioni. Hicho ndicho kipimo chetu. Nikampa mchumba ufunguo awashe.

Kra-kra-kra-kra.

Sekunde nne. Taa ya oili ilipozimika tu, kelele nayo ikakata.

Nikatabasamu. Cheni iliyochoka haiponi kila siku mara tu oili inapofika. Hii injini ilikuwa inaamka na kiu. Ndani ya filta nzuri kuna kijimpira kinachozuia oili isirudi chini gari likizimwa. Kijimpira kikikakamaa, usiku kucha oili inashuka, na asubuhi vyuma vinagongana vikavu mpaka pampu iipandishe tena.

Nikawaeleza hivyo, na hapo ndipo nilipotakiwa kufunga mdomo.

Lakini Babu Spana alikuwa pale na chai yake, na mimi nilikuwa na mwaka mzima wa kutaka kuonekana. Nikasema injini ni nzima, mgonjwa ni fundi aliyefunga hiyo filta. Nikasema huyo ni mchinjaji. Nikasema aliiokota jalalani.

"Mtu kama huyo," nikamalizia, "mimi simpi hata baiskeli ya mtoto aitie upepo."

Babu Spana akapuliza chai yake. Mzee akaniuliza kama nina uhakika na hayo maneno. Nikamwambia aandike.

Akaandika.

Nikajitosa chini ya gari. Nikaifungua filta, oili ikanitiririka mpaka kiwikoni. Nikaipitishia tambara.

Kukatokea maandishi meupe.

Mafundi tuna kawaida ya kuandika tarehe kwenye filta kwa kalamu ya rangi, ili anayefuata ajue. Hii ilikuwa na tarehe ya mwaka jana. Chini yake, DAKTARI WA INJINI. Chini yake, namba ya simu. Na pembeni, kopa lililochomwa mshale. Mshale wenyewe umepinda.

Ule mtindo wa kisasa ndio huo. Siku ile, kabla sijaifunga, nilimwonyesha binti ile filta nikamwambia gari likilia tu, namba yangu iko hapa. Nilikuwa nimechukua boksi la kwanza lililokuwa karibu na mkono. Filta ilikubali kukazwa, mengine sikuyaangalia. Nilikuwa naangalia macho yake.

Nililala chini ya lile gari nikiwaza kuhamia huko moja kwa moja.

Mwishowe nikatoka, filta nimeiviringisha kwenye tambara kama mtoto mchanga. Kidole gumba kilikuwa kimeshafanya kazi: jina nimelipaka oili chafu, kopa limepotea. Nikasema hii ni takataka tu, naenda kuitupa.

Mzee akanyoosha mkono. Anamjua mtoto anayeficha daftari.

"Lete."

Akavaa miwani. Akaigeuza filta taratibu.

"Kuna namba hapa. Tumpigie huyu mchinjaji, umwambie mwenyewe."

Namba yangu hakuwa nayo, maana mambo yetu yote yalipitia kwa binti. Akabonyeza tarakimu mojamoja, anazisoma kwa sauti. Nikamtazama mchumba wangu. Mchumba wangu alikuwa anatazama mawingu.

Jogoo akawika ndani ya suruali yangu.

Ndio mlio wa simu yangu. Nilikuwa nauona unachekesha.

Mzee hakukata. Alimwacha jogoo awike.

"Pokea," akasema.

Nikapokea. Tumesimama hatua mbili, yeye na simu yake, mimi na yangu.

"Haloo. Naongea na Daktari?"

"Ndiyo, Baba."

"Hii filta kaifunga nani?"

"Fundi mmoja."

"Sikusikii vizuri. Mtandao."

"Ni mimi, Baba. Niliifunga mimi."

Akakata simu, akaandika. Babu Spana ndipo akaweka kikombe chini.

"Mimi nilitaka kuitoa, mwanangu. Binti akanikataza. Akasema hiyo kaiweka daktari."

Akaenda kwake, akarudi na filta mpya, nzuri. Nikaifunga mbele ya macho yake, kama mwanafunzi. Kila nikikaza, anakohoa.

Kesho yake alfajiri Mzee akawasha gari mwenyewe. Akahesabu mpaka kumi. Kimya. Akazima, akafungua daftari na kunigeuzia nisome. Mistari mitatu tu:

Ugonjwa: umepatikana.
Fundi: amepatikana.
Wazee waje.

Walikuja. Wakakuta kabatini, katikati ya vyeti vya Mzee, filta moja imeoshwa vizuri, imechomekwa kalamu, namba ya simu imeelekezwa kwenye viti vya wageni. Baba yangu mdogo akauliza ni nini. Mzee akafungua daftari, akawasomea yote tangu sekunde ya kwanza.

Siku hiyohiyo ndipo nilipoona kwenye simu ya mchumba wangu, ambaye sasa ni mke wangu, nimeandikwa "Filta". Tangu siku tuliyokutana. Miezi yote hiyo akiniita hivyo nilidhani ni jina la mahaba.

Fundi mwenzangu, na hata wewe usiye fundi: kabla hujamtukana aliyepita kabla yako, futa oili kwanza, usome jina.

Na simu uiweke kimya.