Mengia na Msitu Uliokataa Kuota

Huko Sutgonda, kijiji cha milimani, mwanamke akiitwa mchafu si kwa sababu ya jiko lake. Ni kwa sababu ya msitu. Msitu ulio juu ya nyumba yako ukionekana una magogo yaliyolala ovyo na matawi yanayooza, watu watakusema kanisani kabla padri hajafika. Mengia hakuwahi kusemwa. Tangu usichana wake alikuwa akipanda mlimani na mama yake kila kiangazi, wakiburuta kila kilichoanguka, mpaka chini ya miti pakawa safi kama sakafu iliyopigwa deki. Kuni zao zilipangwa ukutani hadi usawa wa madirisha, na mama mtu alikuwa akisimama barabarani makusudi ili apate wa kuzisifia.

Misonobari ya kule juu si kama ile minene ya bondeni. Ni myembamba, matawi yameinama kuelekea ardhini ili theluji iteleze isiyavunje, sindano zake fupi zinachoma kiganja, na koni zake za mbegu zinaning'inia kichwa chini. Husimama vikundi vikundi, kila kundi likikingana upepo. Nyumba ya Mengia ilikuwa ya mwisho kabisa kabla ya mlima, na misonobari hiyo ndiyo iliyoishika theluji isiporomoke kutoka mlimani ikalala nao kitandani. Mumewe alipokufa kwa mapafu aliyoyaharibu kwenye vumbi akichimba mahandaki, Mengia alibaki na mtoto mmoja, Giusep, na nyumba ile aliyoirithi kwa wazazi wake. Hakuwa na kingine, wala hakuomba kingine.

Giusep alikuwa bado mwanafunzi pale upepo wa Februari ulipopita. Ulikuja na kishindo, ukaondoka, na watu walipotoka nje waliona anga mahali ambapo hawakuwahi kuiona. Juu ya nyumba ya Mengia palikuwa na uwazi mtupu, kutoka mwambani hadi kwenye uzio wa malisho. Misonobari iliyokuwepo tangu enzi za mababu ilikuwa imelala kama majani yaliyofyekwa.

Clau, bwana misitu, alikuwa kijana mbichi wakati huo, kazi ndiyo kwanza ameianza. Alipanda, akatazama, akashuka, akawaambia watu wasiburute magogo. Yalazwe yakikingama mteremko, yaachwe yaoze.

"Yaoze!" Mengia alisema mbele ya wanawake wote. "Mmemsikia? Huyu analipwa mshahara wa kutazama kuni zikioza. Na mimi nipeni kazi hiyo, nitaifanya nimekaa."

Wanawake wakacheka hadi wakashikana mabega. Clau akawa mwekundu mpaka masikioni, akaondoka. Na wao wakasafisha. Jamani, walisafisha! Hawakuacha hata kisiki, na Mengia ndiye aliyekuwa mbele na mnyororo begani.

Kisha akaanza kupanda miche. Alichagua vibonde, mahali penye kinga, jinsi mama anavyomlaza mtoto mbali na mlango unaopitisha baridi. Miche ikifa, alipanda mingine. Ikifa hiyo, mingine tena. Jirani alipochoka na hofu ya theluji akahamia chini, Mengia alimwita kuku. Giusep alipokuwa mtu mzima na kuanza kusitasita, alimwambia, "Wewe oa tu. Msitu unarudi." Giusep akaoa. Alimleta Luzia, binti wa bondeni, mpole, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wa kike, Barla.

Mwaka Barla alipokuwa anajifunza kukaa, theluji ilikawia kuyeyuka. Juni ilipofika, Mengia alipanda mlimani na kikapu chake mgongoni. Kibonde cha kwanza kilikuwa ndio kwanza kimeachiwa na theluji, maji bado yanachuruzika. Miche yake ilikuwa imelala chini, sindano zimeshikamanishwa na utando mweusi unaonata kama masizi yaliyolowa. Akaenda kibonde cha pili. Hivyo hivyo. Cha tatu, hivyo hivyo. Miche ya mwaka jana, ya mwaka juzi, hata ile michache aliyokuwa akiwaonyesha wageni, yote ilikuwa imekuwa nyeusi. Alipiga magoti akajaribu kuubandua utando kwa kucha, na sindano zikabaki mkononi mwake.

Clau alimkuta hapo hapo. Naye sasa alikuwa na mvi.

"Ni ukungu, shangazi, kama ule wa mkate," alisema. "Unaishi chini ya theluji. Theluji ikikawia, unapata muda wa kula. Na vibondeni ndiko inakokawia."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka ulikuwa unaila miche kidogo kidogo. Mwaka huu umemaliza."

Alimshika mkono akamvusha korongo, upande ambao hakuna mtu aliyewahi kuburuta kitu kwa sababu haufikiki kwa mnyororo. Huko palikuwa na magogo yaliyoanguka zamani sana, yameoza hata kidole kinazama. Na juu ya migongo yake, safu nzima ya misonobari midogo ilikuwa imesimama, kijani kibichi, haina hata doa la utando, ikiota jua.

"Theluji inayeyuka kwanza juu ya gogo," Clau alisema. "Ukungu haupati nafasi. Mbegu ikiangukia kwenye nyasi ndefu inasongwa. Ikiangukia hapa, inapata jua, inapata maji, mizizi inaingia ndani ya gogo."

Mengia aliugusa mmoja. Haukufika gotini.

"Sisi tulichoma yote," alisema.

Clau aliinama akang'oa nyasi kandokando ya gogo. Angeweza kusema mengi, na alikuwa na haki ya kuyasema.

"Huu una umri gani?" Mengia aliuliza.

"Huo? Huku juu miti haina haraka, shangazi. Umeota karibu na mwaka wa upepo ule."

"Na lini utashika theluji?"

"Barla akiwa bibi, labda. Na huko kwenu hakuna hata gogo. Gogo lenyewe kwanza lioze, na hilo peke yake ni maisha ya mtu."

"Kwa hiyo hata nikianza leo..."

"Anza leo. Lakini usimwambie mtu alale chini yake."

Mengia alishuka. Siyo kwamba alikuwa ametoa jasho bure, jasho halikumuuma. Kilichomkata maini ni kwamba chini pale, nyuma ya dirisha lenye maua, alikuwa amemlaza mjukuu wake kwa neno lake mwenyewe, na neno hilo lilikuwa uongo.

Alimkuta Giusep mezani anakula maluns, zile chenga za viazi na unga zilizokaangwa kwa siagi. Alivua kikapu akamwaga mbele ya sahani miche myeusi aliyoing'oa kule juu.

"Mama! Mezani?"

"Tazama."

"Naona. Imekufa. Utapanda mingine, si ndiyo kazi yako?"

"Sipandi tena. Msitu haurudi, Giusep. Si katika uhai wako. Hameni."

Giusep alicheka. "Luzia, umesikia? Mama amepigwa na jua kichwani."

Luzia hakucheka. Alikuwa amemkumbatia Barla kwa nguvu mpaka mtoto akalia.

"Nani alimwita jirani kuku?" Giusep aliuliza, sasa bila kicheko.

"Mimi."

"Nani aliniambia nioe, msitu unarudi?"

"Mimi. Nilikuwa mjinga."

"Ujinga ni huu wa leo. Nyumba hii ina jina letu juu ya mlango. Nani atainunua, chini ya uwazi ule? Na ng'ombe niwapeleke wapi, kanisani?"

Kiangazi chote alimbembeleza. Alilia, alitukana, alikataa kula. Luzia alimfuata bustanini akamnong'oneza, "Mwambie wewe, mama. Mimi nikisema, ananiambia sisi watu wa bondeni tunaogopa hata baridi ya friji." Halmashauri ilikuwa na desturi ya kuwahamisha theluji ikizidi na kuwarudisha ikitulia, na Giusep aliita hiyo likizo yake. Kadiri Mengia alivyosihi ndivyo mwanawe alivyozidi kukaza shingo. Na shingo ile aliirithi kwa nani?

Oktoba, Giusep na Luzia walishuka na mtoto kwenye mnada wa ng'ombe. Mengia alibaki. Alienda bandani akachukua nyundo ya kupasulia mawe, akaingia chumba kikubwa, akasimama mbele ya tanuri.

Lilikuwa tanuri la mawe laini ya kijivu, babu yake ndiye aliyelijenga, na nyumba nzima ilipata joto kwake. Mengia alizaliwa kando yake. Bila hilo hakuna anayeweza kupitisha majira ya baridi mle, na fundi wa kulijenga upya hapatikani kabla ya theluji. Alilipiga. Mara ya kwanza nyundo iliruka tu. Ndipo alipopiga kelele kama mtu anayeibiwa, akapiga, akapiga, huku akiomba radhi kwa sauti, kwa babu yake, kwa mama yake, mpaka jiwe la juu likapasuka na kuta zake zikaanguka ndani.

Giusep alipofungua mlango, mama yake alikuwa amekaa sakafuni, mweupe kwa vumbi hadi kwenye kope.

"Umefanya nini?"

"Nimewahamisha."

Giusep aliligeuza jiwe moja kwa ncha ya kiatu. Alitoka nje akasimama uani mpaka Luzia akaenda kumshika mkono. Wiki hiyo walihama. Ng'ombe walipata nafasi kwenye zizi la baba yake Luzia, na wao wakapanga vyumba viwili nyuma ya kanisa, Mengia akiwa na kitanda chake jikoni. Watu walimwita mwendawazimu. Giusep hakumwita chochote. Majira yote ya baridi alipita kando ya kitanda kile asubuhi na jioni kama anayepita kando ya kabati.

Theluji ilianguka nyingi, ikatulia, ikayeyuka polepole. Wiki ya Pasaka Giusep alipanda kuitazama nyumba. Aliporudi hakuvua viatu. Alisimama mbele ya mama yake, aliyekuwa anamenya viazi, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba akafungua kinywa.

"Hakuna kilichoshuka."

"Nimesikia."

"Hata donge, mama. Kikombe nilichokisahau dirishani bado kipo dirishani. Umevunja tanuri la babu yako bure."

Mengia aliendelea kumenya.

"Na mwaka kesho isiposhuka?" Giusep aliuliza, na sauti yake ilipasuka kama ya mtoto. "Na mwaka ule mwingine? Isiposhuka kabisa?"

"Basi utanichukia mpaka uzeeke," Mengia alisema. "Ndicho ninachotaka. Uzeeke."