Kisimba Nje ya Mstari wa Mawe

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini mume wangu Kisimba alizidisha. Siku ya posa alimwambia mama yangu kwamba sombe lake, mboga ya majani ya muhogo, lina chumvi nyingi. Nikaolewa naye hivyohivyo. Alichomelea vyuma kule mgodini Mutoshi mpaka kazi ilipokufa, na hapa Kolwezi aliongoza kikanisa chetu cha kanzu nyeupe. Tulisali uwanjani, tukiwa tumezungukwa na mstari wa mawe. Anayeuvuka kuingia huvua viatu, na ndani yake uongo ni mwiko.

Serikali haikututambua. Miaka nenda miaka rudi tuliomba kibali, tukaambiwa tusubiri. Mbele yake sisi tulikuwa watoto wa nje. Basi mwaka ule wa 1993, Wakasai walipofukuzwa mkoani kwetu kama wageni, parokia ya Wakatoliki iliwekewa askari mlangoni. Sisi je? Hata mbwa hatukuletewa, na mpaka leo inaniuma.

Jumapili moja vijana wenye mapanga walitukuta katikati ya wimbo. Kando yangu alikaa Mianda, Mkasai aliyezaliwa hapahapa. Babu yake ndiye aliyeletwa kuchimba shaba. Nilimshika mkono. Wakimpata wangempiga na kumtupa stesheni angoje treni ya kurudishwa Kasai, kama walivyomfanyia kaka yake Kabasele.

"Tata, kuko Mukasai humu?" mkubwa wao akamuuliza baba wa kikanisa.

Kisimba alisimama peku katikati ya mawe. Nilimjua mume wangu, hawezi kudanganya. Nilimchukia.

"Tata, mi nakuuliza!" Panga likainuliwa.

Kisimba akatembea polepole, akavuka mstari, akavaa viatu, akafunga kamba. Kisha akamtazama kijana machoni.

"Hakuna. Bote ni benyeji, batu ya Sandoa."

Wakatukagua kwa macho, wakatutukana, wakaondoka. Mianda aliniangukia mapajani.

Kisimba hakurudi ndani. "Nimedanganya," akatuambia akiwa kulekule nje, akitazama viatu vyake. "Bilato ao bila bilato, Mungu amesikia."

Mama Kabemba, anayepokea toba zetu, akasogea mpaka kwenye mawe. "Ahidi hautadanganya tena, tata, uingie tumalize sala."

"Siwezi kuahidi, mama. Kesho bale batoto batarudia, na ntabadanganya tena."

Mama Kabemba akarudi mahali pake. Sheria ni sheria: tuliendelea kuimba bila kiongozi, naye akaketi kando ya barabara, akitazama kule walikoelekea wale vijana.