Matambara Kwenye Kamba

Mtoto wangu alipofikisha mwezi mmoja alianza kukohoa, na sikuhitaji daktari anieleze sababu. Nyuma ya ploti yetu hapo Mwihoko kulikuwa na uwanja mtupu ambapo wapangaji wote tulitupa taka, na zikijaa mtu anaziwasha moto. Daipa na wipes, vile vitambaa vya dukani vya kumfutia mtoto, haziungui vizuri. Zinafuka tu, moshi mzito wa plastiki, na dirisha langu ndilo lililokuwa karibu zaidi.

Nikajifanya mjuaji. Niliona nikipunguza taka zangu, na akina mama wengine wakiniiga, jaa litapungua na mtoto atapumua. Daipa sikuweza kuziacha, lakini wipes niliapa hazitaingia tena kwangu. Nilichukua shuka la flaneli alilonipa mama yangu anayeishi Kiganjo, nikalikata vipande vidogo, nikapinda kingo kwa mkono. Nilimfuta mtoto navyo, nikavitia kwenye ndoo yenye kifuniko, nikavifua na kuvichemsha kila siku na mgongo wa uzazi ukiniuma. Maji yalitoka mara mbili kwa wiki. Siku nyingine nilipandisha mitungi hadi ghorofa ya tatu. Nilianika kwenye kamba ya wote, juu ya paa, makusudi, ili wavione.

Waliviona. Hakuna aliyeniuliza kitu, maana huku kwetu humuulizi mtu shida yake, unaenda kumwona mtoto. Jumamosi moja mchana wakaingia wanawake saba wa ploti na sufuria ya njahi, yale maharagwe meusi, na chupa ya uji, chakula cha mzazi. Tulipokwisha kula, kila mmoja akatoa mfukoni pakiti ya wipes, akaiweka kitandani.

Jirani wa mlango wa pili, aliyekuwa mkubwa wao, akanishika mkono. "Mami, tuliona matambara kwa kamba. Usione aibu. Kama baba mtoto alienda, sema tu. Hata sisi tumepitia hiyo maisha."

Baba mtoto alikuwa kazini, kiwandani Thika. Nilisema hivyo. Nikaeleza habari ya moshi na kikohozi, kwamba vitambaa nilivitaka mwenyewe. Walinitazama kwa upole, wakiona mwanamke anayemfichia mume aibu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kunihurumia. Sijawahi kuchoka vile, hata siku ya kujifungua.

Mtoto akajichafua. Kabla sijafikia ndoo yangu, mmoja alishafungua pakiti, akamfuta kwa wipes tano, akazifunga pamoja na daipa kwenye mfuko. Kisha wakasimama kuomba. Walimwomba Mungu aikumbuke nyumba hii, amrudishe baba, amponye mtoto kifua. Niliitikia amina, na hiyo ya kifua niliitikia kwa moyo wote.

Wakati wa kuondoka jirani aliuchukua ule mfuko, akaniambia nipumzike, atanitupia yeye. Nilimshukuru. Kisha nikamwona dirishani akivuka uwanja, akaurusha juu ya jaa, akaona taka zimejaa, akainama kuwasha kiberiti.