Hita ya Mama Mkwe

Mume wangu alipomleta mama yake Mikumi kutoka milimani, upande wa Berega, upande mmoja wa mwili ulikuwa umeshapooza. Presha ilimwangusha shambani. Alilazwa wiki tatu, kisha daktari akasema sasa anahitaji mtu wa kumwangalia nyumbani. Mtu huyo nikawa mimi. Mume wangu ni dereva, na mimi nashona nguo hapa hapa nyumbani, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza.

Bafuni tulikuwa na hita ya umeme, kuukuu, iliyotolewa kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa ikikarabatiwa. Miezi miwili ya kwanza ilitufaa. Kila asubuhi nilimkalisha mama mkwe kwenye kiti cha plastiki, nikafungua bomba, nikamwogesha kwa maji ya uvuguvugu. Nilimwogesha kama ninavyoosha vyombo, bila upendo, bila chuki. Mwezi wa sita ulipoingia na asubuhi zikaanza kuwa za baridi, hita ikaanza kuvuja ukutani, na siku moja ikazima umeme wa nyumba nzima.

Nikamwita fundi. Akaifungua, akachungulia, akanionyesha.

"Mama, koili imekufa, imeliwa na chumvi ya maji. Na tangi limetoboka hapa chini, ni kutu. Naweza kubadilisha koili na kupaziba hapa, leo leo mkaoga maji ya moto. Ila ni ya kusogeza siku, mwaka mmoja hivi. Mkiweza, nunueni mpya."

"Ngoja niongee na baba," nikamwambia.

Jioni mume wangu aliporudi nilimwambia fundi amesema haitengenezeki, inapiga shoti, inaweza kuua mtu.

"Basi tununue mpya," akasema.

"Tusikurupuke. Hizi za hapa ni feki. Subiri utakapopata safari ya Morogoro."

"Na mama ataogaje?"

"Nitamchemshia."

Akaniamini. Kwa nini asiniamini?

Huyu mama ndiye aliyenipokea nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza. Ukoo wa mume wangu ulitaka nikajifungulie kwao, nikaenda. Mtoto alizaliwa amekufa. Alikuwa wa kike, na nywele zake zilikuwa nyingi kama za mtoto wa miezi mitatu. Niliporudi kutoka hospitali nilikuwa natembea nimeshika kuta, maziwa yananitoka yanalowesha kanga. Sufuria kubwa ilikuwa jikoni inachemka. Nilijua maji yale ni ya kunikanda, maana mzazi hukandwa, kwao na kwetu pia. Nikamwambia, "Mama, tumbo linaniuma sana."

Akaniangalia kuanzia juu mpaka chini. "Anayekandwa ni aliyezaa," akasema. "Wewe umezaa nini?"

Akainua sufuria kwa vitambaa, akatoka nayo, akayamwaga yale maji uani mbele yangu. Nilioga maji ya baridi siku zote nilizokaa pale, na hakuna mtu aliyenishika tumbo.

Baadaye nilizaa wengine, wapo, wameshaondoka nyumbani. Wale walipozaliwa nilikandwa na mama yangu mzazi. Jambo lile sikulisimulia kwa mtu. Nilidhani limeshapita. Lakini fundi alipoondoka siku ile, nikabaki bafuni naitazama hita imening'inia na nyaya zake nje, nikaelewa kwamba kuanzia sasa maji ya moto ya nyumba hii yako mikononi mwangu.

Kila asubuhi nilichemsha maji ya mume wangu kwenye gesi. Akishaondoka nilichemsha ya kwangu. Kisha nilikwenda chumbani kwa mama mkwe, nikapiga goti.

"Shikamoo mama."

Akaitikia kwa mdomo wa upande mmoja, "Ma'aba."

Hata siku moja sikuacha kumwamkia. Nilimvua nguo kwa adabu, nikamkalisha kwenye kiti, nikaichukua ndoo ya maji iliyolala nje usiku kucha. Kopo la kwanza nilimmwagia mgongoni. Mwili wote uliruka, hata ule upande uliokufa. Siku za mwanzo alipiga mkono wake mzima kwenye kiti na kusema "Ba'idi, ba'idi." Baadaye akanyamaza. Akawa anaitazama ndoo ninapoingia nayo, anatafuta mvuke. Akiukosa, anafumba macho.

Nitasema kweli: nilifurahi. Nilikuwa naamka mapema kwa ajili ya ile nusu saa. Mume wangu akipata safari ya Morogoro, nilimpa sababu nyingine: mara saizi hatujapima, mara ukuta urekebishwe kwanza. Mwezi wa sita ukaisha hivyo, na wa saba ukafika katikati. Mama mkwe akaanza kukohoa.

Fundi ndiye aliyeharibu. Alikutana na mume wangu barabarani, akamuuliza, "Bosi, ile hita mmeamuaje? Mbona niliwaambia naitengeneza siku hiyo hiyo?"

Mume wangu alirudi nyumbani saa tatu asubuhi. Sikumsikia akiingia. Nilikuwa nimeinua kopo alipopita kando yangu, akatumbukiza mkono kwenye ndoo. Akauacha humo kwa muda. Kisha akachukua taulo, akamfunika mama yake, akambeba mpaka kitandani.

Nilimngoja uani. Alipotoka alisema, "Unamfanyia hivi mama yangu?"

Nikamwambia habari ya sufuria. Kwa mara ya kwanza, neno kwa neno, na maneno ya mama yake nikayatamka kwa sauti ya mama yake. Nilitaka nimwone akianguka.

Hakuanguka. Aliangalia chini, akasema, "Najua. Nilikuwa nimekaa barazani. Nilisikia."

"Ulisikia?"

"Nilisikia. Yule ni mama yangu, ningemwambia nini?"

Miaka yote ile nilikuwa namficha mambo ya mama yake ili asiumie.

Kesho yake alinunua hita mpya, pale pale Mikumi, na fundi akaifunga kabla ya saa sita. Mama mkwe hakukubali tena nimguse. Nikisogea anajivuta ukutani. Kwa hiyo mume wangu humwogesha mwenyewe kabla ya kwenda kazini, jambo ambalo majirani wanaliona la ajabu, wengine wanamsifu, wengine wanauliza mke ana kazi gani.

Kikohozi kilipona. Mimi na mume wangu tunaongea yanayolazimu. Asubuhi nakaa kwenye cherehani yangu, mlango wa bafu umefungwa, nasikia maji ya moto yakishuka. Juzi nilimsikia mama mkwe akicheka humo ndani. Niliacha kushona, nikasikiliza mpaka akamaliza.