Kikaragosi Akitazama

Sina subira na watu wanaovaa kikaragosi mkononi kisha wakampigisha domo kama kuku anayedonoa mahindi. Uhai hauko mdomoni, uko kwenye pumzi. Kabla Nyanya, kikaragosi wangu wa kitambaa, hajasema neno, kifua chake huinuka kidogo, na hapo hata watoto watundu hunyamaza. Kisha yanafuata macho. Atazame kwanza, ndipo mwili ugeuke, ndipo aseme. Kikaragosi akitazama mahali, watu wote hutazama papo hapo, hata wazee wanaojifanya hawachezi na midoli. Mimi sijifichi nyuma ya pazia; nasimama wazi na kumkazia macho yeye peke yake. Nikimwangalia mtu mwingine, Nyanya anakufa.

Vidole nilivipata kwa mama. Kidole cha shahada hushika shingo, gumba na cha kati huwa mikono. Mama amechuna majani chai kwenye shamba moja kubwa upande wa Kericho tangu kabla sijazaliwa, na gumba lake hukata majani mawili na chipukizi bila yeye kuangalia. Nilimpa Nyanya mikono hiyo. Akikosa la kufanya, anachuna hewa. Wachunaji wakimwona hucheka hadi machozi.

Mwaka huu ofisi ya shamba iliniita niwachezee wafanyakazi. Mashine za kuchuna zilikuwa zimeletwa, zimefunikwa turubai kando ya kiwanda, na Nyanya alitakiwa awaambie watu kwamba mashine ni rafiki. Nilifurahi kupata kazi. Halafu nikasoma maneno niliyopewa, furaha ikaniisha. Hayakutaja nyumba. Mama anaishi laini, kwenye safu za nyumba ambazo shamba huwapa wafanyakazi, na huko kazi ikiisha, nyumba nayo imekwenda. Kwao alikozaliwa, ng'ambo ya mji wa Chepilat, kaka zake waligawana ardhi yote, wala hawakumwachia hata pa kuweka mafiga.

"Na nyumba je?" nikamwuliza ofisa aliyenipa maneno hayo.

"Hiyo ya nyumba achana nayo," akasema kwa upole. "Wewe chekesha watu tu."

Upole huo uliniogopesha. Afadhali angenifokea.

Tulicheza mchana, kwenye ukumbi wa laini. Wanasema dalili ya mvua ni mawingu, na siku hiyo yalikuwa yameshuka mpaka kwenye michai, meusi, yale yanayobeba mvua ya mawe. Mama alikaa mbele. Ofisa alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango.

Nyanya akasema mashine ni rafiki. Hakuna aliyecheka. Nikamfanya achune hewa, kichekesho ambacho hakikuwa kimewahi kuniangusha, nacho kikaniangusha.

Ndipo nikasikia sauti ya mama. Hakuniuliza mimi, alimwuliza Nyanya.

"Nyanya, mashine imekuja, sawa. Sasa mimi hii nyumba nitabaki nayo ama nitatoka?"

Kumdanganya mama kwa mdomo wa kitambaa sikuweza. Nyanya akavuta pumzi. Kisha taratibu, macho kwanza, akageukia mlangoni. Nikasikia mabenchi yakilia watu wote walipogeuka naye. Nami, kwa mara ya kwanza nikiwa kazini, nikainua macho yangu.

Ofisa alikuwa ameinamia simu yake. Aliendelea kuiangalia hata baada ya kioo kuzima.

Watu walitoka mmoja mmoja, mawe ya kwanza yakianza kugonga mabati, na mama alikuwa miongoni mwa wa kwanza.

Nilimkunja Nyanya, nikafunga sanduku, nikaenda nyumbani kwa mama nikiwa nimelowa. Nilimkuta amepanda juu ya kiti, anayatoa mapazia kwenye waya, vyombo tayari vimefungwa kwenye shuka.

"Shika hiyo ncha," akaniambia, "isiburutike chini."