Neno Lililomtoa Dada Mbio

Dada yangu ni fundi cherehani. Fundi kweli, sio hawa wa kukushonea mfuko ukatokea mgongoni. Kwenye kiwanda cha nguo alikuwa anashona kola. Siku moto uliposhika, mlango ulikuwa umefungwa kwa nje, na msimamizi anapiga kelele, "Tulieni! Tulieni hapo hapo, ufunguo unakuja!" Wakatulia. Rafiki yake wa cherehani ya pembeni alimkumbatia Dada kiunoni, akatulia mpaka moshi ukammaliza. Huyo msimamizi nikikutana naye, basi tu.

Mlango ulipovunjwa, Dada akatoka mzima. Mzima wa kutazama. Mwanawe, bado mdogo, akimrukia kiunoni, Dada anamsukuma kabla hata hajajua ni nani. Siku moja mtoto akagonga kichwa ukutani. Kuanzia hapo akawa analala kwa mama yetu, chumba cha pili, na bibi ndiye aliyekuwa anamwita "mama". Dada anasikia, anakaza meno, anaendelea kukunja nguo. Alichotaka duniani ni kimoja tu: ampakate mwanawe.

Nikampeleka kwa mshauri wa zahanati, mama mtu mzima. Mimi nilidhani atapewa vidonge. Yule mama akamwambia avue viatu, akanyage sakafu, aisikilize miguu yake. Nikasema moyoni, hapa tumeliwa. Dada akaanza kutetemeka. Mshauri akamwambia kwa upole, "Tulia, mwanangu, tulia."

Dada huyo, mbio, peku!

Nikamvaa mshauri. "Umemuua dada yangu! Neno hilo ndilo liliua watu kule!"

Hakujitetea. Alibeba viatu mwenyewe, akamkuta Dada getini. "Nisamehe, mwanangu. Sitalisema tena. Ukitaka kukimbia, kimbia. Nitakungoja."

"Ukichoka kungoja?"

"Si nitakaa chini? Magoti yenyewe haya!"

Dada akacheka kidogo, akarudi ndani.

Kila wiki ikawa ni kusukumana viganja. "Huo ndio mlango, sukuma! Fundi gani wewe, mikono ya pamba?" Dada anasukuma, jasho linamtoka, yule mama anarudi nyuma mpaka ukutani. Baadaye sana Dada akakubali kuwekewa mkono kiunoni. Kidogo, anautoa. Kidogo tena.

Jumapili moja akasema yuko tayari. Akaketi mkekani pale nyumbani, akafungua mikono.

"Njoo kwa mama."

Mtoto akanyanyuka fasta, akakimbia. Kwa bibi.

Bibi akachanganyikiwa, akaanza kumgeuza kwa mabega. "Sio mimi, mjukuu wangu. Mama yako yule pale, nenda!"

"Mwache, mama," Dada akasema. "Asisukumwe tena."

Akabaki pale pale, mikono wazi. Halafu akalia, kwa sauti, kitu ambacho hakuwahi kufanya hata kwenye maziko ya rafiki yake. Mtoto akachungulia kutoka nyuma ya bibi, akamvuta kanga.

"Mama, mbona huyo analia?"